Siku Tano za Kazi kwa Mwezi

Kamati ya kitabu chetu cha mwaka imeniomba nieleze jinsi binti yangu alivyosoma sekondari hapa Chicago, maana wazazi kadhaa wamekuwa wakiniuliza habari za zile shule ambazo watoto huenda kufanya kazi ofisini. Nimekubali kwa furaha, ingawa sina budi kukiri kwamba mwanzoni mimi mwenyewe niliipinga habari hiyo.

Mwaka 2013, binti yetu alipokuwa akimaliza darasa la nane, baba yake alirudi kutoka kanisani na karatasi mkononi. Ilieleza shule ya Kikatoliki ambayo wanafunzi wake hulipia sehemu kubwa ya gharama za masomo kwa kazi zao wenyewe. Nikamjibu, "Baba watoto, hatukuvuka bahari ili mtoto wa miaka 14 akafanye kibarua." Hakubishana nami. Alisema tu, "Basi nenda ukaulize."

Nilikwenda, na haya ndiyo niliyoyafahamu. Mwaka 1996 mapadre wa Kijesuiti walifungua shule katika mtaa wa Pilsen, penye familia nyingi zilizotoka Meksiko. Waliiita Cristo Rey, yaani Kristo Mfalme. Kiongozi wake wa kwanza alikuwa Padre John Foley, ambaye alikuwa amefanya utume kwa miaka mingi nchini Peru. Wazazi wa mtaa ule hawakuweza kulipa ada ya shule binafsi, na mapadre hawakuwa na mfuko wa kuwalipia wote. Ndipo ukatolewa ushauri huu: wanafunzi wanne wagawane kazi moja ya mtu mzima. Kila mmoja afanye kazi siku 5 kwa mwezi, na siku nyingine awe darasani. Kampuni haimpi mtoto fedha mkononi, bali huilipa shule, na fedha hizo huingia katika gharama za masomo yake. Mzazi huongeza kidogo kwa kadiri ya kipato chake. Kutokana na shule ile moja, leo zimekuwa shule zipatazo 40 katika miji mbalimbali ya Marekani, na hupokea watoto wa dini zote.

Niliuliza, je, masomo hayapotei? Nikaambiwa kwamba siku za kazi hupangwa kwa zamu, na saa za masomo huongezwa, ili mtoto asipitwe na kipindi. Tena kabla ya kupelekwa ofisini, watoto hufundishwa wakati wa likizo ya kiangazi jinsi ya kusalimia, kupokea simu, kutunza majalada na kutumia kompyuta.

Nikiwa njiani kurudi nyumbani nilikumbuka shule yangu ya msingi mkoani Morogoro, katika miaka ya 1970. Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na kila shule ilitakiwa kuwa na shamba. Tulilima mahindi na maharage, tukabeba maji kichwani. Kulima hakukuniudhi. Lililoniudhi ni kwamba hatukuwahi kuonyeshwa hesabu. Magunia yalipakiwa, lori likaondoka, na sisi wenye malengelenge mikononi hatukujua yaliuzwa kwa shilingi ngapi wala zilifanya nini. Hapa, kinyume chake, binti yangu alionyeshwa tangu siku ya kwanza kazi yake inaingiza kiasi gani na inalipia nini. Nikaridhika, tukamwandikisha.

Nisiwadanganye kwamba yote yalikwenda vizuri. Ofisi ya kwanza aliyopelekwa, ambayo sitaitaja, ilimweka kwenye chumba cha mashine ya kurudufia karatasi. Kwa wiki nyingi hakuna aliyemsemesha zaidi ya "asante." Jioni moja alilia mezani, akasema afadhali arudi shule ya serikali. Baba yake alitaka kwenda kugomba. Mwalimu anayesimamia kazi alimshauri mtoto aongee mwenyewe. Basi akaandika maneno yake kwenye kikaratasi, akayakariri usiku kucha, kisha akamwambia mkubwa wake, "Nimeshajua kazi hii. Naomba unifundishe nyingine." Mwezi uliofuata aliwekwa kwenye meza ya malipo, akawa anakagua ankara. Mimi katika umri wake nisingethubutu kumwambia mkubwa maneno kama hayo.

Mwaka wa tatu walikuwa na somo la ujasiriamali, ambalo sisi wa zamani tungeliita somo la biashara. Kila mwanafunzi alitakiwa kuchunguza biashara moja ndogo anayoijua. Binti yangu akachagua maandazi yangu.

Wengi wenu mmeyala maandazi hayo. Niliyauza senti 50 moja, na nilijiona nafanya vizuri. Mtoto akakaa nami jikoni mapema mwaka 2016 na daftari lake. Unga, sukari, nazi, iliki, mafuta na gesi kwa maandazi 100: dola 22. Petroli ya kuyapeleka kwa wateja: dola 6. Mauzo: dola 50. Nikasema, "Umeona? Faida dola 22." Akaniuliza, "Mama, na saa zako?" Tukahesabu kukanda, kukata, kukaanga na kupeleka: saa 5. Akagawanya, akanisomea polepole: dola 4 na senti 40 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara hapa mjini wakati ule kilikuwa dola 10.

Nilinyamaza kwa muda mrefu. Kwa miaka 11 nilikuwa nikijifanyia kibarua mimi mwenyewe, cha chini ya nusu ya mshahara halali, huku nikimkataza yeye kibarua.

Alipendekeza bei iwe senti 80, ili nipate dola 10 na senti 40 kwa saa. Baadhi yenu mlininung'unikia, na dada yangu mmoja wa hiari aliniambia nimekuwa Mmarekani. Maneno hayo yaliniuma. Lakini daftari lile lilikuwa na ukurasa mwingine, nao niliuandika mimi: msiba hauna bei. Harusi na sherehe ni biashara. Matanga ni undugu. Tangu hapo sijachanganya hayo mawili, wala sijafilisika.

Kwa wazazi wenye watoto wanaokaribia sekondari, ushauri wangu ni huu. Shule yoyote inayompeleka mtoto kazini, iulizeni mambo matatu: nani anamsimamia huko, fedha zinakwenda wapi, na masomo yake yanalindwaje. Mkijibiwa wazi, msiogope neno kazi. Mkizungushwa, chukueni mtoto wenu mwende kwingine.

Binti yetu alimaliza mwaka 2017, akaendelea na chuo. Daftari lile aliniachia, nami nalitumia hadi leo. Mungu awabariki watoto wetu wote.