Umeme wa Mto wa Mlimani (2): Banio na Fungu la Mto

Juma lililopita tuliona kwamba umeme wa maji hutegemea mambo mawili: wingi wa maji na kimo yanachoporomoka. Kwa kimo, sisi wa Ibighi na Rungwe nzima tumejaliwa. Mlima Rungwe una mita 2,960 hivi. Ziwa Nyasa, inakoishia mito ya Kiwira na Mbaka, halifiki mita 500. Mita moja ya ujazo ya maji kwa sekunde, ikiteremka mita 100, hufua takriban kilowati 800. Kwa hiyo hatuhitaji bwawa kama la Mtera. Tunahitaji banio.

Banio ni ukuta mfupi wa zege unaokatiza mto. Haliweki akiba ya maji. Huyainua kidogo tu, sehemu iingie mferejini na mengine yapite juu ya ukuta. Mlangoni huwekwa chujio la nondo la kuzuia magogo na majani. Mbele yake maji hutulizwa katika birika pana ili mchanga utuame, maana ukiingia kwenye bomba husaga mapanga ya mtambo. Hapo ndipo mkulima anapohusika: shamba la viazi lililolimwa hadi ukingoni mwa mto huishia ndani ya birika hilo.

Lakini linalonisumbua zaidi ni kile kipande cha mto kati ya banio na mtambo. Maji yaliyochepushwa hayapiti hapo. Masika hakuna neno. Oktoba, mto ukiwa umekonda, yakichukuliwa yote, wanaochota na kunywesha ng'ombe humo wataachiwa mawe. Kule Kihansi, kituo cha megawati 180 kilipochepusha karibu mto wote kuanzia mwaka 2000, manyunyu ya maporomoko yalipungua mno, na baada ya miaka michache chura wa Kihansi, asiyekuwako penginepo duniani, alitoweka porini. Waliosalia walilelewa Marekani. Wakaanza kurudishwa mwaka 2012.

Sheria ya maji ya mwaka 2009 inadai kibali, na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Nyasa inayokitoa ina ofisi papa hapa Tukuyu. Mradi ukiletwa kijijini, tuulize: kiangazi mtaacha lita ngapi kwa sekunde? Tena zisitegemee mtu kufungua lango. Tundu lijengwe ndani ya ukuta, chini ya usawa wa mlango wa mfereji, ili mto upate fungu lake kwanza.

Juma lijalo: bomba na mtambo.