Mfanyakazi Anajua Unga Unapotelea Wapi



Vikundi vingi vya huku kwetu Mbeere vimeanzisha miradi: mashine ya kusaga, biashara ya ndengu, asali, hata duka. Mwaka ukiisha mwekahazina anasoma hesabu, faida ni kidogo, na maneno yanaanza. Lawama yote inamwangukia kijana aliyeajiriwa. Ati anaiba! Tumeketi katika mikutano ya namna hiyo mara nyingi, na tunakiri kwamba zamani hata sisi tulikuwa tunashauri kamati inunue kufuli kubwa zaidi.

Mwizi anaweza kuwako, hatukatai. Lakini kikundi kimoja karibu na Siakago, kinachosaga mtama na mawele na kuuza unga wa uji, kiliona mambo mengine. Tuliomba kamati inyamaze, kijana wa mashine aseme. Akasema kitambaa cha kupokelea unga kimeraruka, na kila siku unga unamwagika chini, anaufagia na kuwapa kuku wa jirani. Mama mmoja akamwuliza, "Mbona hukutuambia, kijana wangu?" Akajibu, "Mama, hakuna mtu ameniuliza. Na nikisema kitu kimeharibika mnadhani nataka pesa."

Hebu tupige hesabu. Ukimwaga nusu gorogoro kwa siku, hiyo ni kama kilo 1. Kwa siku 26 za kazi ni kilo 26 kwa mwezi. Kwa mwaka ni kilo 312, yaani magunia matatu ya kilo 90 na zaidi. Kitambaa ni bei gani?

Jambo hili si geni. Kule Japani, kampuni ya Toyota ilianza mwaka 1951 kupokea mawazo ya wafanyakazi wake wa kawaida kuhusu namna ya kuboresha kazi. Upotevu wao wanauita kwa neno linalotamkwa "muda", kama letu! Na kweli, kungoja kuni, kungoja dizeli, kumtafuta mwenye ufunguo, yote hayo ni upotevu. Majirani zetu wa Ethiopia waliona faida ya njia hii, wakafungua taasisi ya serikali ya kuifundisha mwaka 2011.

Sasa kikundi kifanyeje? Ketini na wafanyakazi mara moja kwa wiki, robo saa inatosha, pale pale penye kazi wala si ofisini. Waulizeni: nini kimemwagika, nini kimeoza, wapi mmengoja bure? Chagueni jambo moja tu mlitengeneze wiki hiyo. Mkiandika kumi, hakuna litakalofanyika. Andikeni kwa chaki ukutani kilo zilizoingia na zilizotoka, kila mtu azione. Wenye ndengu, msikilizeni yule mama anayepepeta; ndiye wa kwanza kujua ni gunia gani lililetwa bila kukauka vizuri, na ni lipi limeingia fukusi.

Kuna jambo moja linaharibu kila kitu. Mfanyakazi akionyesha njia ya kumaliza kazi mapema, halafu kamati ipunguze siku zake za malipo, basi mmefunga mdomo wake na wa wenzake wote. Tumeona ikitokea. Afadhali saa zilizookolewa mumpe kazi nyingine, kama kupima na kufunga pakiti, na kilichookolewa apate sehemu yake, hata kama ni kidogo. Kiasi chake kiamuliwe na kikao kizima na kuandikwa katika kitabu cha kumbukumbu, kisije kikategemea hisani ya mwenyekiti.

Kile kikundi kilishona kitambaa kipya Jumamosi iliyofuata. Wiki ya pili kijana akasema mkanda wa mashine umelegea na unakula dizeli. Safari hii hakungoja kuulizwa.