Tiba ya Siddha: Uji wa asubuhi ni chakula au ni dawa?

Kila tunapozungumzia chakula katika kipindi chetu cha asubuhi, swali moja halikosi kurudi: je, mtu mwenye kisukari akinywa uji wa ulezi kila siku anaweza kuacha dawa? Jibu fupi ni hapana. Lakini swali lenyewe si la kupuuza, maana wazo kwamba chakula ni sehemu ya tiba ni la kale sana. Leo tunaliangalia mahali lilipokita mizizi: kusini mwa India, katika jimbo la Tamil Nadu, kwenye tiba ya asili iitwayo Siddha.

Siddha ni nini?

Siddha ni tiba ya jadi ya Watamil. Mapokeo yanasema ilianzishwa na wahenga 18 waitwao siddhar, na anayetajwa kuwa wa kwanza wao ni Agathiyar. Mafundisho yao yaliandikwa kwa mashairi ya Kitamil, mengi yakihifadhiwa kwenye majani makavu ya mvumo. Leo Siddha inatambuliwa na serikali ya India, ina vyuo na hospitali zake, na Taasisi ya Taifa ya Siddha iko Tambaram, katika jiji la Chennai.

Msingi wake ni kwamba mwili unaongozwa na nguvu tatu: vatham, inayohusishwa na upepo, pitham, inayohusishwa na moto na nyongo, na kapham, inayohusishwa na maji na makohozi. Zikiwa sawa, mtu ni mzima. Moja ikizidi, anaugua. Kwa kuwa kila chakula huaminika kuongeza au kupunguza mojawapo ya nguvu hizo, mganga wa Siddha hampi mgonjwa dawa tu. Humwekea pia mwiko wa chakula, uitwao pathiyam, wa kufuata muda wote wa matibabu.

Asubuhi wanakula nini?

Kwa mtazamo huo, chakula cha asubuhi kinatakiwa kiwe chepesi kwa tumbo na kisiwe na mafuta mengi. Katika nyumba nyingi za Tamil Nadu utakuta vyakula hivi:

Kanji, yaani uji wa mchele, ambao hupewa hata wagonjwa na wazee.

Koozh, uji mzito wa ulezi au uwele, ambao mara nyingi huachwa uchachuke kisha huchanganywa na mtindi uliopunguzwa kwa maji.

Pazhaya sadam, wali wa jana uliolowekwa kwenye maji usiku kucha na kuliwa asubuhi kwa vitunguu vidogo na pilipili mbichi. Kwa miaka mingi hiki kilikuwa chakula cha mkulima kabla ya kwenda shambani.

Idli, vikate vya mvuke vya mchele na dengu nyeusi ziitwazo ulundu, vilivyosagwa na kuachwa vichachuke.

Pongal, mchele na choroko vilivyopikwa pamoja, kisha kutiwa pilipili manga, bizari nyembamba na tangawizi. Viungo hivyo havitiwi kwa ladha tu. Siddha inavihesabu kuwa visaidizi vya tumbo.

Sayansi inasemaje?

Nadharia ya nguvu tatu haina uthibitisho wa kimaabara. Hata hivyo, baadhi ya mazoea yake yana maelezo yanayoeleweka. Ulezi una zaidi ya miligramu 300 za kalisi katika kila gramu 100, kiasi ambacho mchele haukikaribii hata kidogo. Una nyuzinyuzi pia. Tatizo ni kwamba nafaka zina kemikali ya asili iitwayo faiteti, inayouzuia mwili kufyonza madini ya chuma na zinki. Kuchachusha au kuotesha nafaka hupunguza faiteti hiyo. Basi mama wa Kitamil anayeuacha unga wake uchachuke usiku anafanya jambo lenye faida, hata kama hajawahi kusikia neno faiteti. Na mama wa kwetu anayeotesha ulezi ili atengeneze togwa anafanya lilelile.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hatulijui. Ulezi haukutoka India kuja kwetu. Watafiti wa mazao wanaonyesha kwamba ulianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, upande wa Ethiopia na Uganda, na uwele ukaanzia Afrika Magharibi. Vyote vilivuka kwenda India maelfu ya miaka iliyopita. India ndiyo iliyopendekeza mwaka 2023 uwe Mwaka wa Kimataifa wa nafaka hizi, na Umoja wa Mataifa ukakubali. Sisi wenye asili yake, asubuhi tunakimbilia chai ya sukari na andazi.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, kwa mwenye kisukari, uji bado ni wanga. Unga uliochekechwa ukabaki laini, ukapikwa na kujazwa sukari, hupandisha sukari ya damu haraka. Tumia unga usiokobolewa, punguza au acha sukari, kunywa kikombe kimoja, na ukiweza ongeza karanga, yai au maharage. Endelea kupima sukari na kutumia dawa ulizoandikiwa.

Pili, wali wa jana ukikaa vibaya huota vijidudu vinavyosababisha kutapika na kuharisha, na baadhi ya sumu zao haziondoki kwa kupasha moto. Ukinuka vibaya au ukiteleza, mwaga.

Tatu, tofautisha vyakula vya Siddha na dawa zake. Baadhi ya dawa hizo hutengenezwa kwa metali, ikiwemo zebaki. Usinunue unga au vidonge mtandaoni kwa sababu tu vimeandikwa kuwa ni vya asili.

Kwa hiyo tukirudi kwenye swali la mwanzo, uji wa ulezi ni chakula kizuri na unaweza kuusaidia mwili wako. Kikombe chake kiweke mezani kando ya dawa zako, si mahali pake.