Unauza simu inayoongea? Sauti si yako kuuza

Wewe unayeuza simu za mtumba pale karibu na feri, au uliyeposti ile yako ya zamani kwenye status ya WhatsApp na maneno "haina tatizo lolote", kaa hapa dakika tano. Nina kisa, na mwenye makosa ni mimi.

Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda. Tangu hapo nauza simu za mtumba huku Likoni, na usiku naandika. Mwaka jana rafiki yangu, dereva wa lori la masafa marefu, aliniletea simu nimuuzie. Ilikuwa ya babake, mzee asiyeona, ambaye alikuwa amenunuliwa mpya. Ndani mlikuwa na programu ya kusoma skrini na sauti moja tamu ya kulipia. Ukigusa kitu, inakwambia ni nini. Nikaona hii ni dhahabu, nikaiacha hivyo hivyo bila kuifuta. Bei nikaongeza shilingi 1,500 kwa sababu "inaongea tayari".

Aliyenunua ni dada mmoja asiyeona, anauza viazi karai na bajia jioni. Mteja akilipa kwa M-Pesa, simu inamsomea dada sikioni jina na kiasi, naye anafunga karatasi. Hamwombi mtu msaada.

Wiki ya tatu simu ikajizima, ikawaka kama mpya, ikaanza kudai akaunti na paswadi ya mtu mwingine. Kumbe rafiki yangu alikuwa akisafisha akaunti yake, akaiona simu ya zamani bado iko kwenye orodha, akabonyeza futa. Simlaumu, akaunti ni yake. Kisha akashika barabara ya Kampala na hakupatikana siku nne.

Siku hizo nne dada alitumia kabambe isiyoongea, kwa hivyo wateja ndio waliomsomea meseji. Mmoja akamsomea ya jana yake kama ya leo, akaondoka na bajia za shilingi 200. Dada alikuja kwangu, hakupiga kelele. Aliniuliza tu: "Kwani kaka, uliniuzia nini?"

Wallahi sikuwa na jibu. Nikaenda kutafuta.

Leseni inakaa wapi?

Ukinunua programu, hununui programu yenyewe. Unanunua leseni, yaani ruhusa ya kuitumia. Swali ni ruhusa hiyo imefungwa kwenye nini.

Zamani za Nokia, kabla simu hazijaanza kuongea zenyewe, wasioona walinunua programu kama Talks au Mobile Speak ya kampuni ya Code Factory kutoka Uhispania. Zilikuwa ghali, mamia ya dola, mara nyingine kushinda simu yenyewe. Lakini ufunguo wake ulifungwa kwenye IMEI, ile namba unayoiona ukibonyeza *#06#. Simu ikienda, sauti inaenda nayo.

Siku hizi mambo yamegeuka. Unachonunua Play Store kinafungwa kwenye akaunti yako ya Google, na cha App Store kwenye akaunti yako ya Apple. Unaweza kuuza simu mara kumi, leseni inabaki na akaunti. Yule mzee alipopata simu mpya, sauti aliyonunuliwa ilimfuata huko. Mimi niliuza chuma na kioo, halafu nikalipisha sauti ambayo haikuwa yangu.

Ulaya walishagombana kuhusu hili. Tarehe 3 Julai 2012, katika kesi ya UsedSoft na Oracle, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema mwenye leseni ya kudumu anaweza kuiuza tena, mradi nakala yake mwenyewe asiitumie tena. Uamuzi mzuri, lakini ni wa kwao. Hapa Likoni ukifungua Play Store hutaona kitufe cha kumhamishia mnunuzi sauti yako.

Usimwachie mtu akaunti yako

Najua unachofikiria: si nimwachie tu akaunti yangu ndani, sauti ibaki? Hilo ndilo nililofanya mimi. Anayebaki na akaunti yako anabaki na barua pepe, picha na namba za watu wako. Na wewe unabaki na uwezo wa kumfutia simu ukiwa mbali.

Njia ya pili mbaya zaidi ni fundi anayekuwekea programu ya kulipia "iliyovunjwa". Programu ya kusoma skrini hupewa ruhusa ya kuona kila kilicho kwenye kioo na kukubonyezea vitu. Hiyo ndiyo kazi yake. Sasa fikiria ruhusa hiyo ukimpa mtu usiyemjua, kwenye simu iliyo na pesa zako.

Ya bure ipo

Hapa ndipo niliona aibu. Tangu 2009 iPhone ina VoiceOver na Android ina TalkBack, bila malipo. Sauti ya Google inasoma Kiswahili. Ipo pia eSpeak, ambayo leseni yake ni huria: unaruhusiwa kuitumia na kumgawia mwenzako. Sauti yake ni ya kirobotirobot, lakini haidai akaunti ya mtu.

Kwa hivyo ukiuza, fanya hivi. Toa akaunti zako zote kwanza, kisha ndio uiriseti simu kupitia Mipangilio. Ukiiriseti kwa vitufe akaunti ikiwa bado ndani, itamdai mnunuzi paswadi yako. iPhone nayo, toka kwenye iCloud kwanza. Mwambie mnunuzi wazi: sauti ya kulipia haimo, akiitaka atainunua kwa akaunti yake.

Na ukinunua, simu iwashwe upya mbele yako na uingize akaunti yako hapo hapo. Usiondoke kabla haijaongea. Kama ni iPhone, bonyeza kitufe cha pembeni mara tatu, au kile cha katikati kwa zile za zamani, VoiceOver itawaka hata kabla hujaweka chochote.

Hii si hisani. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu kinampa mnunuzi haki ya kupewa habari kuhusu anachonunua, na cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia. Huku kwetu kuna shule ya wasioona hapa hapa Likoni. Hawa ni wateja wetu na majirani zetu.

Rafiki yangu alipopatikana aliifungua simu, tukaweka akaunti ya dada mwenyewe, TalkBack na sauti ya Kiswahili. Nikamrudishia 1,500 zake na zile 200 za bajia.

Siku hizi mteja akiniuliza kama nina simu inayoongea, namwambia smartphone zote hapa zinaongea, keti nikuonyeshe. Na kuonyeshwa hulipii.