Je, Wajua? Dawa ya Kulainisha Makohozi

Je, wajua kwamba dawa ya kulainisha makohozi haizuii kikohozi? Kazi yake ni kuyafanya makohozi mazito yawe mepesi ili uyakohoe yatoke. Asetilisisteini, mojawapo ya dawa hizi, hukata vifungo vya salfa vinavyoushikanisha ute, na salfa iliyomo ndani ya dawa yenyewe ndiyo inayoipa harufu ya yai viza. Haijaharibika.

Kwa kuwa makohozi yaliyolegea lazima yakoholewe yatoke, dawa hii haifai kunywewa pamoja na dawa ya kutuliza kikohozi kama kodeini. Moja inalegeza makohozi, nyingine inakufunga usikohoe; yote yanabaki kifuani.

Je, wajua kwamba mwaka 2010 Ufaransa ilikataza asetilisisteini na mwenzake kabosisteini kwa watoto wa chini ya miaka 2? Njia za hewa za mtoto wa umri huo ni nyembamba na nguvu za kukohoa hana. Makohozi yakiongezeka na kulegea ghafla, yanaweza kumzibia pumzi. Mzazi, ukisahau mengine yote, hili lishike. Na kwa mtoto mkubwa zaidi, pima kwa kikombe kilichokuja na chupa, maana vijiko vya jikoni havilingani.

Tumbo nalo hujikinga kwa ute, na dawa hizi zinaweza kuulegeza huo pia. Kwa hiyo mwenye vidonda vya tumbo vinavyomsumbua asinywe kabosisteini.

Je, wajua kwamba baadhi ya sirapu za kulainisha makohozi zimechanganywa na salbutamoli? Mgonjwa wa pumu anayetumia pampu ya salbutamoli anajiongezea dozi bila kujua: mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio. Soma lebo, au mwombe mfamasia akusomee kiungo kimoja kimoja. Mwenye shinikizo la damu naye aulize kuhusu vidonge vya dawa hizi vinavyotoa povu majini, kwani vingi vina sodiamu.

Januari 2023, Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu sirapu mbili zilizopatikana Uzbekistan baada ya vifo vya watoto. Mojawapo, Ambronol, ilikuwa ya ambroksoli, nayo ni dawa ya kulainisha makohozi. Ndani yake kulikutwa sumu ya viwandani inayoua figo. Usinunue sirapu ya kumiminiwa kwenye chupa isiyo na lebo, hata muuzaji awe jirani yako.

Ambroksoli na mwenzake bromheksini pia zinaweza, kwa nadra sana, kuleta madhara makubwa ya ngozi. Ukiona upele unaoenea, malengelenge, au vidonda mdomoni na machoni, acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo.

Je, wajua kwamba kulainisha makohozi kunaweza kuchelewesha kugundua kifua kikuu? Kikohozi kikifika wiki 2, peleka makohozi yakapimwe; katika vituo vya serikali Tanzania na Kenya kipimo hicho ni bure. Yakiwa na damu, usingoje hata wiki hizo.