Santuri za lebo ndogo: Bei yapanda, msanii hana fungu

Mwaka 1976 ndugu watatu wa familia ya Hackney, wakazi wa jiji la Detroit nchini Marekani, walitoa kwa fedha zao wenyewe santuri ndogo yenye nyimbo mbili. Zilichapwa nakala 500 tu. Santuri hiyo haikupata nafasi kubwa redioni, na kundi lao lililoitwa Death, yaani Kifo, likasambaratika bila kuvuma.

Zaidi ya miaka 30 baadaye, nakala za santuri hiyo hiyo zilikuwa zikisakwa katika minada ya intaneti kwa mamia ya dola. Fedha hizo zilikwenda kwa wauzaji, si kwa waliopiga muziki wenyewe.

Kisa hicho ni mfano mmoja tu wa biashara isiyo ya kawaida, nayo ni ukusanyaji wa santuri za panki na roki ya gereji zilizotolewa na lebo huru, yaani kampuni ndogo za muziki zisizomilikiwa na makampuni makubwa. Katika biashara hiyo, bidhaa iliyokosa wanunuzi jana ndiyo inayogombewa leo, na sababu yake inaanzia kiwandani.

Umaskini uliozaa uhaba

Santuri hutengenezwa kwa kuchonga mfereji mwembamba wa sauti juu ya sahani laini iliyopakwa laka. Sahani hiyo hufunikwa kwa madini ya nikeli ili kupata kalibu, na kalibu ndiyo inayogandamiza bonge la plastiki ya moto, ijulikanayo kama vinili, hadi likawa sahani bapa.

Gharama ya kuchonga na kuandaa kalibu haipungui hata kama mteja anahitaji nakala chache. Kampuni kubwa inayoagiza nakala laki kadhaa haioni uzito wa gharama hiyo. Kwa vijana waliochangishana vijisenti, hali ilikuwa tofauti, kwani kila nakala isiyouzika ilikuwa hasara. Ndiyo maana wengi waliagiza nakala 300, 500 au 1,000, kiasi walichoamini kingemalizika mlangoni mwa ukumbi wa muziki.

Roki ya gereji ndiyo iliyotangulia. Jina lake halitokani na mafundi wa magari, bali na mabanda ya kuegeshea gari majumbani, ambamo vijana wa Marekani walifanyia mazoezi. Makundi hayo yaliongezeka sana baada ya Beatles wa Uingereza kuonekana katika televisheni ya nchi hiyo Februari 1964. Studio ndogo za mijini ziliwarekodi kwa saa chache na kuwakabidhi makasha ya santuri zao. Wengi waliishia katika ajira za kawaida au vitani Vietnam.

Wachache walibahatika. Kundi la The Kingsmen la Portland lilirekodi wimbo "Louie Louie" mwaka 1963, nao ukatolewa na lebo ndogo ya Jerden. Baadaye lebo ya Wand iliuchukua wimbo huo, ukapanda hadi nafasi ya pili katika chati ya Billboard. Leo mkusanyaji husaka santuri yenye nembo ya Jerden, kwa kuwa zile za Wand zilienea kila mahali.

Muziki wa panki ulifuata njia hiyo hiyo kwa makusudi. Januari 1977 kundi la Buzzcocks la Manchester, Uingereza, lilitumia pauni 500 za kukopa kwa jamaa na marafiki kutoa "Spiral Scratch" kupitia New Hormones, lebo waliyoianzisha wenyewe. Nakala 1,000 za kwanza zilikwisha, na mauzo yakafikia takriban nakala 16,000.

Somo hilo lilienea haraka. Mwaka 1978 kundi la Scritti Politti lilichapa juu ya jalada la santuri yake mchanganuo wa gharama zote za kuitengeneza, ili kijana mwingine ajue kwamba jambo hilo linawezekana.

Mjini Washington, wanamuziki wa kundi la Teen Idles walipoachana mwaka 1980 walikuwa wameweka akiba ya takriban dola 600 kutokana na maonyesho yao. Badala ya kugawana, walianzisha lebo ya Dischord na kuchapa nakala 1,000 za nyimbo zao. Majalada waliyakata, kuyakunja na kuyagundisha kwa mikono yao wenyewe. Lebo hiyo ilijenga pia desturi ya kuchapa bei nafuu juu ya jalada, ili mwenye duka asimlangue mnunuzi.

Ulanguzi huo haukuzuilika. Matoleo ya kwanza ya lebo hiyo hubadilishana mikono kwa bei isiyo na uhusiano wowote na ile iliyochapwa.

Nani hupandisha bei?

Uhaba pekee hautoshi kuipa santuri thamani. Zipo nyingi zilizochapwa nakala 200 ambazo hakuna anayezitaka. Bei hupanda pale watu wengi wanapousikia wimbo ambao santuri yake haipatikani.

Kazi hiyo ilifanywa na albamu za mikusanyiko. Mwaka 1972 lebo ya Elektra ilitoa "Nuggets", iliyoandaliwa na Lenny Kaye, ikikusanya nyimbo za makundi ya miaka ya 1960. Mwaka 1983 Tim Warren, mwanzilishi wa lebo ya Crypt, alianza mfululizo wa "Back from the Grave", uliochimbua makundi yasiyojulikana kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ukaja mfululizo wa "Killed by Death" kwa upande wa panki, ambao nyimbo zake nyingi zilitumika bila idhini ya wenyewe.

Matokeo yake ni kwamba maelfu ya wasikilizaji waliufahamu wimbo uliokuwa katika santuri 500, ambazo nyingi zilikuwa zimekwisha kuvunjika, kupotea au kutupwa jalalani. Waliotaka ya asili wakabaki kushindana kwa dau.

Aidha, hali ya santuri huamua mengi. Nakala isiyo na mikwaruzo, yenye jalada lisilochanika na karatasi zote zilizotoka nayo, huweza kuuzwa kwa bei mara kadhaa ya ile iliyochakaa. Kwa majalada yaliyogundishwa kwa mkono, yaliyosalimika ni machache zaidi kuliko santuri zenyewe.

Kutambua ya asili na bandia

Palipo na bei kubwa hapakosi waghushi. Novemba 1988 lebo ya Sub Pop ya Seattle ilitoa santuri ya kwanza ya Nirvana, "Love Buzz", kwa nakala 1,000 zilizoandikwa namba kwa mkono. Kundi hilo lilipopata umaarufu wa dunia kuanzia mwaka 1991, nakala bandia zikaingia sokoni.

Mkusanyaji mzoefu hategemei jalada pekee, kwa kuwa jalada ni rahisi kuiga. Huiinamisha santuri kwenye mwanga na kutazama eneo tupu lililo kati ya mwisho wa wimbo na karatasi ya katikati. Hapo ndipo fundi anayechonga sahani ya kwanza hukwaruza namba za utambulisho na mara nyingine maneno ya utani. Nchini Uingereza fundi George Peckham alitambulika kwa kuandika hapo jina lake la utani, Porky.

Mwandiko huo huhamia katika kila nakala iliyotoka kwenye kalibu zilizozaliwa na sahani hiyo. Anayeghushi hulazimika kuchonga sahani nyingine, na mwandiko wake mara nyingi humsaliti. Namba hizo, pamoja na bei za mauzo yaliyopita, hukusanywa katika tovuti ya Discogs, iliyoanzishwa nchini Marekani na Kevin Lewandowski mwaka 2000.

Fungu la msanii liko wapi?

Suala linalozua mjadala ni haki ya mwanamuziki. Santuri ikishanunuliwa kwa mara ya kwanza huwa mali ya mnunuzi, naye anaweza kuiuza tena kwa bei yoyote bila kumlipa aliyeimba. Kwa hiyo mwanamuziki aliyeuza santuri yake kwa dola mbili hapati chochote inapouzwa kwa dola 1,000.

Hata hivyo, bila wakusanyaji kazi nyingi zingepotea kabisa, na kundi la Death ni ushahidi wa hilo. Mwaka 1975 ndugu hao, David, Bobby na Dannis, vijana weusi waliopiga muziki wa kasi kabla neno panki halijazoeleka, walirekodi nyimbo saba. Kigogo wa biashara ya muziki, Clive Davis, aliipenda kazi yao lakini akataka wabadili jina la kundi. Walikataa, na mpango ukafa.

David alifariki dunia mwaka 2000, akiwa amemkabidhi Bobby tepu za awali na kumsisitiza azitunze. Kelele za wakusanyaji juu ya zile nakala 500 ndizo zilizozirejesha nyimbo hizo masikioni mwa watu. Mwaka 2009 lebo huru ya Drag City ya Chicago ilitoa nyimbo zote saba kutoka katika tepu hizo, kwa makubaliano na familia. Bobby na Dannis walirudi jukwaani, na mwaka 2012 ikatoka filamu ya maisha yao.

Tofauti hapo ni kubwa. Mnada ulimtajirisha mwenye santuri, lakini toleo jipya ndilo lililowafikia wenye kazi.

Soko lenyewe limekua. Takwimu za chama cha kampuni za kurekodi muziki nchini Marekani, RIAA, zinaonyesha kuwa mwaka 2022 santuri milioni 41 ziliuzwa nchini humo dhidi ya CD milioni 33, ikiwa ni mara ya kwanza santuri kuongoza kwa idadi tangu mwaka 1987.

Ukuaji huo haujazinufaisha sana lebo ndogo. Februari 2020 moto uliteketeza kiwanda cha Apollo Masters, California, kimojawapo kati ya viwili tu duniani vilivyotengeneza sahani za laka. Mwaka uliofuata, oda za wasanii wakubwa zilijaza viwanda, na wenye oda za nakala 500 wakasubiri miezi mingi.

Kwa anayeutaka muziki wenyewe, toleo jipya lililoidhinishwa linatosha, na mara nyingi sauti yake ni safi kuliko ya nakala iliyochakaa. Kabla ya kulipa, ageuze jalada na kusoma nyuma. Toleo halali huonyesha jina la lebo, mwaka na mwenye hakimiliki. Lisiloonyesha lolote kati ya hayo, aghlabu halikumlipa msanii.