Uingereza: Kwa vijiti na matope, watoto wajifunza kazi ya kastori

Beseni moja, vijiti, mawe madogo, matope na jagi la maji. Kwa vitu hivyo, walimu wa watoto wadogo nchini Uingereza hufundisha habari za kastori, mnyama wa mtoni ambaye Waingereza humwita biva. Alitoweka nchini mwao miaka 400 hivi iliyopita, kwani watu walimwinda mno kwa ajili ya manyoya na nyama yake.

Kwanza huja karatasi, mkasi na gundi. Mtoto hukata mkia mpana ulio bapa, kisha hupaka meno rangi ya machungwa. Rangi hiyo si mchezo: meno ya kastori yana madini ya chuma, ndiyo maana huweza kuangusha mti. Wengi hudhani mnyama huyu hubeba matope kwa mkia, kama fundi na mwiko wake. Hapana. Huyabeba kwa mikono ya mbele, ameyakumbatia kifuani. Mkia humsaidia kuogelea, na huupiga majini kuwaonya wenzake kuna hatari. Wala hali samaki, ijapo katika hadithi maarufu ya C.S. Lewis ya mwaka 1950 kastori huwavua na kuwalisha wageni. Chakula chake ni majani, mizizi na maganda ya miti.

Lakini somo lenyewe liko katika beseni. Watoto hupanga vijiti, huziba kwa matope, kisha maji humwagwa. Kizuizi huvuja, na mtoto huona ameshindwa. Hajashindwa: hata cha kastori huvuja. Kazi yake ni kuchelewesha maji, yashuke polepole badala ya kufika yote mara moja.

Huko Greenford, magharibi mwa London, watu wazima wanalitegemea jambo hilohilo. Mnamo Oktoba 2023 familia ya kastori ililetwa katika eneo la Paradise Fields, na moja ya sababu ilikuwa mafuriko yanayosumbua mtaa huo.

Si wote wanaofurahi. Kule Scotland, kando ya mto Tay, wakulima hulalamika kwamba mashamba yao hujaa maji. Kastori analindwa na sheria huko tangu 2019, lakini vibali vya kumuua bado hutolewa. Kwa hiyo mwalimu makini anaweza kuweka shamba dogo la majani ndani ya beseni, upande maji yanakotokea. Maji yakipanda, shamba huzama, na watoto huanza kubishana wao wenyewe kizuizi kihamishiwe wapi.